Haki ya Mwili na Haki ya Watu: Mas'ala ya Uchovu wa Mwenye Kusimamia Biashara

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeupa mchana kazi yake na usiku kazi yake, wala hakukiumba kitu ila kwa kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Mas'ala hii yamkhusu mtu aliyepewa na Mwenyezi Mungu biashara ya kusimamia. Huyu ni mtu mwenye maduka mawili au matatu, au ghala ya nafaka, au magari ya kuchukua mizigo, au vyombo vya baharini. Na chini ya mkono wake wako makarani na madereva na wapagazi, na nyuma ya kila mmoja wao iko nyumba ingojayo chakula. Mtu huyu huamka kabla ya alfajiri, na kitu cha kwanza akishikacho ni simu, si maji ya udhu. Chakula hula akisimama. Sala huswali mwisho wa wakati wake, ulimi u katika sura na moyo u ghalani. Nyumbani hurudi watoto wamekwisha kulala. Naye aambiwapo apumzike, jawabu yake ni moja siku zote: "Kazi ni ya halali, mwili ni wangu, na mali ni ya watoto. Nimemdhulumu nani?"

Swali basi ni hili: je, mtu huyu amesema kweli? Maneno yake ni manne, na kila neno lataka kupimwa peke yake, kwani neno la kweli likifuatana na lisilo kweli huzipitisha zote mbili, kama fedha mbovu ipitavyo sokoni kati ya fedha nzima.

NENO LA KWANZA: KAZI NI YA HALALI

Neno hili ni kweli, wala hapana haja ya kulibishia. Sharia haikuidharau biashara. Mtume s.a.w. kabla ya kupewa utume alisafiri Sham na mali ya Bibi Khadija r.a. akamfanyia biashara kwa uaminifu. Na Abdurrahman bin Auf r.a. alipohamia Madina hana kitu, na ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii r.a., akataka kumgawia nusu ya mali yake, alimwombea baraka katika mali yake, kisha akauliza soko li wapi. Hawa hawakuwa watu wa uvivu, na mvivu asitafute udhuru katika karatasi hizi.

Walakini halali ina mpaka, na mpaka huo umewekwa na Yeye aliyeihalalisha. Katika Sura ya Jumaa Waislamu wameamrishwa kuacha kuuza inapoadhiniwa sala, na baada ya sala wameruhusiwa kutawanyika na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Yafaa kuzingatia kwamba amri ya kuacha na ruhusa ya kurudi zimekuja pamoja. Ijumaa haikufanywa siku ya kufunga kazi kutwa, wala haikuachwa siku ya kazi isiyokatika. Mwenye kuchukua ruhusa akaiacha amri amechukua nusu ya hukumu, na nusu ya hukumu si hukumu.

Tena yapasa kupambanua baina ya uchovu na uchovu. Uchovu wa siku moja huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja, na huo ni neema, kwani mwenye kuchoka kwa kazi njema hulala vizuri. Lakini uko uchovu mwingine usioondoka kwa usingizi. Mfano wake ni taa iliyokwisha mafuta: mwanga bado waonekana, na mwenye nyumba adhani taa yawaka, kumbe kiunguacho sasa ni utambi wenyewe.

Matabibu wa zama hizi wameujua uchovu huu na kuupa jina. Katika mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika mji wa New York, aliandika khabari za watu waliokuwa wakitumikia wagonjwa bila kupumzika, akauita kwa neno lenye maana ya kuungua hata kwisha. Na katika mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha yake mpya ya maradhi na mambo ya afya, likasema kwamba si maradhi kwa nafsi yake, bali ni hali itokanayo na mashaka ya kazi yaliyodumu bila kutengenezwa, na alama zake ni tatu: nguvu kumwisha mtu, moyo kujitenga na kazi hata akaichukia au kuidharau, na kazi yenyewe kupunguka uzuri wake. Kisha katika mwaka 2021 Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu kwamba mwenye kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, akilinganishwa na mwenye kufanya saa 35 mpaka 40, khatari yake ya kupatwa na kiharusi huzidi kwa 35 katika mia, na khatari ya kufa kwa maradhi ya moyo huzidi kwa 17 katika mia; na kwamba katika mwaka 2016 watu kiasi cha 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya saa hizo nyingi. Mwenye kufungua duka saa mbili ya asubuhi akafunga saa mbili ya usiku, siku sita, amefanya saa 72. Hesabu hii kila mfanyabiashara aweza kujihesabia mwenyewe.

Wazee wa pwani hawakuwa na hesabu hizi, lakini walikuwa na pepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha, wala hapakuwa na tajiri aliyeweza kuiamrisha pepo ivume kwa haja yake. Na kusi ilipopata nguvu, katika miezi ya Juni na Julai, bahari ilichafuka na safari za mbali zikasimama. Chombo kilipandishwa pwani, kikatiwa kalafati, kikapakwa deheni, kikangoja. Hapana nahodha aliyesema kwamba siku hizo ni hasara. Alijua kwamba chombo kisichopandishwa pwani mwaka huu kitazama mwaka ujao, pamoja na shehena na watu. Leo simu haina kaskazi wala kusi. Tangu mwaka 2007, fedha zilipoanza kupelekwa kwa simu katika Kenya, na baadaye katika nchi jirani, mteja aweza kulipa saa nane ya usiku na kungoja jawabu saa nane ya usiku. Katika hayo mna nafuu kubwa, na hapana haja ya kuyalaumu. Lakini kizuizi kilichokuwa kikimpumzisha mtu kwa nguvu kimeondoka, na sasa hapana budi ajizuie mwenyewe.

NENO LA PILI: MWILI NI WANGU

Neno hili si kweli. Mwili ni amana. Mwenye mwili hakuuumba, wala hakuununua, wala hawezi kuuzuia siku utakapotakwa na Mwenyewe. Na mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuitumia hata ikaharibika, hata akiitumia katika jambo jema. Mtu aliyeazimwa punda kwenda msikitini akampiga hata akafa hasemi kwamba safari ilikuwa ya ibada.

Na hoja iliyo kubwa katika jambo hili ni kwamba Mtume s.a.w. aliwazuia watu wasiuchoshe mwili hata katika ibada yenyewe, ambayo ni bora kuliko biashara zote za duniani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Salman al-Farisi r.a. alimzuru ndugu yake Abu Dardaa r.a., akamwona mkewe amejiacha hana pambo, akamwuliza sababu, naye akamwambia kwamba ndugu yake hana haja na dunia. Usiku Abu Dardaa alipotaka kusimama kusali, Salman alimwamrisha alale. Akataka tena, akamwamrisha alale. Hata ulipokuwa mwisho wa usiku ndipo wakasimama wote wawili. Kisha Salman akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipofika kwa Mtume s.a.w. alisema kwamba Salman amesadiki.

Na Abdullahi bin Amr bin al-As r.a. alikuwa kijana mwenye nguvu, akifunga kila siku na kusimama kila usiku. Mtume s.a.w. alimwambia kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe, na mgeni wake, akamtaka afunge siku tatu katika kila mwezi. Abdullahi kila mara akasema kwamba aweza zaidi, hata akapewa saumu ya Nabii Daud a.s., kufunga siku moja na kula siku moja. Naye alipokuwa mzee, nguvu zimepunguka, alikuwa akisema kwamba laiti angaliikubali ruhusa ya Mtume s.a.w. Katika khabari hii mna mazingatio kwa kila mwenye nguvu leo: kijana hupima mzigo kwa bega la leo, na mzigo utachukuliwa kwa bega la kesho.

Vile vile Mtume s.a.w. aliona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili za msikiti, akaambiwa kwamba ni kamba ya Zainab, hujishika nayo achokapo katika sala. Akaamrisha ifunguliwe, na kila mmoja asali wakati wa uchangamfu wake, akichoka akae. Ni wafanyabiashara wangapi leo wana kamba za namna hiyo? Mmoja kamba yake ni kahawa ya tano, mwingine ni mirungi, mwingine ni vidonge vya kukesha. Kamba si nguvu. Kamba ni dalili kwamba nguvu zimekwisha. Na Bibi Aisha r.a. amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache.

NENO LA TATU: NIMEMDHULUMU NANI?

Hapa ndipo penye siri ya mas'ala yote. Mtu aweza kusema: basi na awe amekosa haki ya mwili wake, lakini hayo ni baina yake na Mola wake, na watu hayawakhusu. Na lau angekuwa peke yake, mvuvi mwenye mshipi mmoja na dau moja, huenda neno hilo lingekuwa na njia. Lakini yeye si peke yake. Yeye ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa khabari za wachungwa wake, kama ilivyo katika hadithi mashuhuri.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w. amekataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili naye ameghadhibika. Ulamaa wakauliza: illa ya katazo hili ni nini? Wakaona kwamba illa si ghadhabu kwa kuwa ni ghadhabu, bali ni kuvurugika kwa fikra, hata kadhi asiweze kusikiliza hoja na kuizingatia. Na illa hiyo yapatikana pasipo ghadhabu. Kwa hivyo Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameandika katika Minhaji, kitabu kisomwacho katika darsa za pwani hii kwa zama nyingi, kwamba yachukiza kadhi kuhukumu katika hali ya ghadhabu, na njaa kali, na shibe iliyopita kiasi, na kila hali iharibuyo tabia yake. Wenye kusherehesha wakahesabu humo usingizi mzito na maradhi yenye kuumiza na huzuni kubwa na mfano wa hayo.

Sasa na itazamwe hali ya mwenye kusimamia biashara. Kila siku yeye huhukumu. Huhukumu nani aajiriwe na nani aondolewe, nani aongezewe mshahara na nani akatwe, mdeni gani angojewe na mdeni gani apelekwe kortini. Hana joho la kadhi, wala hapana mtu wa kukata rufani mbele yake. Neno lake jioni ni chakula cha nyumba fulani kesho. Basi asili ni kadhi, na tawi ni tajiri, na illa ni moja, nayo ni kuvurugika kwa fikra. Ikiwa yachukiza kwa kadhi aliye na sheria mbele yake na mashahidi pande zote kuhukumu akiwa hoi, itakuwaje kwa tajiri ahukumuye peke yake usiku, hana shahidi ila daftari?

Mfano wake ni huu. Ni saa nne ya usiku. Mwenye duka amekaa na hesabu tangu magharibi, na usiku uliopita hakulala ila saa tatu. Hesabu imepunguka shilingi elfu kumi na mbili. Karani wake amekaa naye miaka saba, hajapata kuonekana na khiyana. Karani asema: "Bwana, tuihesabu tena asubuhi." Maneno hayo kwa mtu aliyelala ni nasaha; kwa mtu asiyelala ni ushahidi wa wizi. Karani afukuzwa mbele ya wapagazi, na kabla ya adhuhuri mtaa wote una khabari. Siku ya tatu risiti ya shilingi elfu kumi na mbili yaonekana katika mfuko wa kanzu ya tajiri mwenyewe. Fedha zimepatikana. Jina la karani nani atalirudisha? Na katika fikihi hukumu ya kadhi mwenye ghadhabu, ijapokuwa imechukiza, hupita. Vivyo hivyo neno la tajiri hupita, na kupita kwake ndiko kunakotisha.

Tajiri huyu si dhalimu kwa tabia. Angelala usiku ule asingemfukuza. Na hilo halimpi udhuru, bali lamwondolea, kwani usingizi ulikuwa katika uwezo wake. Mwenye kujifunga macho mwenyewe kisha akamkanyaga mtoto hasemi kwamba hakumwona.

Vivyo hivyo kwa mdeni. Qurani imeamrisha, katika Sura ya Baqara, kwamba mdeni mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Lakini dhiki ya mtu haijulikani ila kwa kumtazama na kumsikiliza, na mtu aliyeishiwa hana macho wala masikio kwa ajili ya mwingine. Wale matabibu waliosema kwamba alama ya pili ni moyo kujitenga wamesema neno ambalo mwanachuoni angeliita kwa jina jingine: huruma imeondoka. Na Mwenyezi Mungu amemweleza Mtume wake s.a.w., katika Sura ya Aali Imran, kwamba lau angekuwa mkali, mwenye moyo mgumu, watu wangemkimbia. Ikiwa watu wangemkimbia aliye bora wa viumbe kwa ukali, watamvumilia vipi mwenye ghala?

Basi jawabu ya "nimemdhulumu nani" ni hii: amewadhulumu, au yu karibu kuwadhulumu, wote ambao mambo yao yapita mbele ya fikra yake. Kichwa kilichotulia ni haki yao juu yake, kama ulivyo mshahara haki yao.

NENO LA NNE: MALI NI YA WATOTO

Neno hili wakati mwingine ni kweli na wakati mwingine ni pazia. Alama ya ukweli wake ni kwamba mtu hujua kiasi. Mwenye kufanya kazi kwa ajili ya chakula na nyumba na karo, haja zikitimia moyo hutulia. Lakini yuko ambaye haja zimetimia miaka kumi iliyopita naye bado ajiua, na watoto ambao asema ni kwa ajili yao hawamjui ila kwa mlio wa ufunguo mlangoni.

Imam Ghazali r.a., naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafii, aliwekwa katika mwaka 484 wa Hijra, sawa na 1091, kuwa mkuu wa kufundisha katika Nidhamiya ya Baghdad, na wanafunzi wake wakafika mia tatu. Hapakuwa na cheo cha elimu kikubwa kuliko hicho katika zama zake. Katika mwezi wa Rajab mwaka 488, sawa na 1095, ulimi wake ulifungwa. Alijitahidi kufundisha angalau siku moja ili kuiridhisha mioyo ya wanafunzi, na neno halikutoka. Kisha huzuni ikaingia moyoni, chakula kikashindikana kumezeka, nguvu zikaanguka, na matabibu wakakata tamaa, wakasema kwamba ugonjwa umeanza moyoni. Haya ameyaandika mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh. Wala hakusema kwamba sababu ilikuwa ni saa nyingi za kazi. Alisema kwamba aliitazama nia yake katika kufundisha, akaona si safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kisukumacho ni kutafuta cheo na sifa. Akaigawa mali yake, akaacha kiasi cha kuwatosha watoto, akatoka Baghdad, na darsa ikashikwa na nduguye Ahmad. Alikaa mbali na kufundisha kwa cheo miaka kumi na moja, na katika muda huo ndipo alipoandika Ihyaa. Katika mwaka 499, sawa na 1106, alirudi kufundisha, huko Nishapur, na nia nyingine.

Khabari hii yafundisha mambo mawili. La kwanza, kwamba kuishiwa hakumpati mjinga wala mvivu tu. Humpata aliye juu kabisa katika kazi iliyo bora kabisa. La pili, kwamba mzigo uvunjao mgongo mara nyingi si kazi, bali ni kile mtu alichokipachika juu ya kazi: khofu ya kupitwa na jirani, haya ya kuonekana amepunguka, na dhana kwamba yeye ndiye mwenye kuruzuku. Dhana hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Mwenye kudhani kwamba akilala watu watakufa njaa amejitwika kazi ambayo si yake na hawezi kuichukua kiumbe. Ar-Razzaq ni Mmoja, Naye halali. Mwanadamu ni sababu, na sababu yaruhusiwa kulala.

JAWABU KWA MWENYE KUPINGA

Huenda mtu akasema: maneno haya ni mepesi kwa asiye na deni. Biashara imetikisika, benki yataka fedha zake, mishahara ya mwezi haijapatikana. Je, mtu huyu naye aambiwe alale?

Jawabu ni kwamba dharura yajulikana katika sharia, lakini hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye kufa njaa huruhusiwa nyamafu ya kumwondolea mauti, wala haruhusiwi kuifanya kitoweo cha kila siku. Juma moja la kukesha kwa ajili ya kuokoa mishahara ya watu ni ushujaa. Mwaka wa saba wa kukesha si dharura tena. Ni desturi iliyovaa kanzu ya dharura. Na mwenye dharura ya kweli huijua siku itakapokwisha, au hutafuta kuijua.

Na yuko mwenye kupumzika kwa njia ya haramu, naye atajwe, ili watu wasiyageuze maneno haya. Ni yule ashushaye mzigo wake juu ya mtoto wa dukani, yeye akaenda kulala, na mtoto akakesha kwa mshahara ule ule. Mtume s.a.w. amekataza, katika hadithi ya Abu Dharr r.a., kuwatwisha watumishi wasiloliweza, na akaamrisha kwamba wakitwishwa basi wasaidiwe. Pumziko lililonunuliwa kwa mgongo wa mnyonge si pumziko, ni dhuluma iliyohama bega.

YAPASAYO KUFANYWA

La kwanza ni kutafuta msaidizi. Nabii Musa a.s., aliyezungumza na Mola wake, alipotumwa kwa Firauni aliomba apewe nduguye Harun awe waziri wake na mshirika katika jambo lake, na khabari hii imo katika Sura ya Taha. Na Sayyidna Abubakar r.a. alipokuwa khalifa alitaka kuendelea kwenda sokoni na nguo zake kuuza, hata masahaba wakamwonyesha kwamba kazi mbili hizo hazichukuliki na mtu mmoja, akakadiriwa posho katika Baitul Mali. Mlango wa wakala katika fikihi umefunguliwa kwa jambo hili hasa: mtu aweza kumweka wakili katika kuuza na kununua na kudai madeni. Asemaye kwamba hapana mtu wa kuaminiwa na ajiulize kama amepata kumfundisha mtu. Nahodha naye hulala, na sukani hushikwa na mwingine. Chombo ambacho nahodha wake halali si salama zaidi, ni chombo kilicho karibu na mwamba.

La pili ni kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani imekuja katika kuandika deni. Waswahili nao husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo lililoandikwa halimkeshi mtu, kwani daftari hulikumbuka kwa niaba yake.

La tatu ni kuzirudishia nyakati haki yake. Sala tano ni vituo vitano, na mwenye kuziswali mwanzo wa wakati, jamaa, ameondoka dukani mara kwa mara kwa amri isiyo ya mteja. Lakini asisali kwa ajili ya kupata nguvu za kuuza, kwani huko ni kurudi kwenye ugonjwa ule ule wa nia. Nguvu huja zikifuata, hazitangulizwi. Adhuhuri ni wakati wa kailula: katika Sura ya Nur imetajwa kuwa ni wakati wa watu kuvua nguo zao nyumbani, na masahaba walikuwa siku ya Ijumaa wakilala na kula baada ya sala. Desturi ya miji ya pwani ya kufunga milango ya maduka wakati wa jua kali ina asili njema, wala si uvivu kama wasemavyo wageni. Na baada ya isha Mtume s.a.w. alichukia mazungumzo, basi simu nayo na inyamazishwe, kwani nayo ni mazungumzo.

La nne ni kutohukumu jambo kubwa usiku, wala katika njaa, wala katika ghadhabu. Karani mwenye shaka na angoje asubuhi. Mdeni na angoje asubuhi. Jambo la haki halitaharibika kwa kungoja saa nane, na jambo la dhuluma huenda likaharibika, na kuharibika kwake ni kheri.

La tano ni kuwa na mtu mmoja, rafiki au ndugu au mke, mwenye ruhusa ya kumwambia, kama Salman alivyomwambia Abu Dardaa: sasa lala. Mtu aliyeishiwa hajioni, na Abu Dardaa hakujiona mpaka mgeni alipoingia nyumbani kwake na kumtazama mkewe.

KHATIMA

Imepokewa kwamba Umar bin Abdulaziz r.a., aliyejulikana kwa kurudisha haki za watu, aliambiwa na mwanawe kuhusu kulala kwake mchana na watu wana haja, naye akamjibu kwa maana kwamba nafsi yake ndiyo kipando chake, asipokifanyia upole hakitamfikisha. Hakusema kwamba apumzika kwa sababu hakuwajali watu. Alipumzika kwa sababu aliwajali, na safari ilikuwa bado mbele.

Basi mwenye kusema kwamba kazi ni ya halali amesema kweli, na ashike mpaka wa halali. Mwenye kusema kwamba mwili ni wake na akumbuke Mwenyewe. Mwenye kusema kwamba mali ni ya watoto na awaulize watoto. Na mwenye kusema kwamba hakumdhulumu mtu na angoje asubuhi, alale, aamke, asali, kisha awatazame walio chini yake mmoja mmoja, ndipo aseme.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu riziki ya halali, na miili yenye afya ya kuitafuta, na nyoyo zenye upole za kuitumia. Wallahu aalam.